Jarida la Namba Tisa

Sogeeni. Mwenye cheti cha digrii akitandike chini akikalie, sakafu ni ya baridi. Asiye nacho akae kwenye tofali, hana alichopoteza. Nina kisa cha wahitimu watatu na kitanda kimoja cha hospitali, na sitakimaliza mimi. Mtakimaliza nyie. Msinitazame hivyo, kwani leo mna kazi nyingine?

Watatu hao walikuwa Kabula, Shemweta na Ambakisye. Hawana ajira, wote, na wote walipanga vyumba vya uani kwa mwanamke mmoja aitwaye Mama Tusajigwe, katika mji wa milimani ambao jina nalificha maana najua mna ndugu huko.

Kabula alisomea takwimu. Kipaji chake ni kwamba hakuna namba aliyopewa akaiacha nzima. Wewe ukipewa samaki unauliza bei. Yeye anampasua kwanza aone alikula nini. Redio ikitangaza kwamba uchumi umekua, Kabula anauliza, "Umekua kwa nani?" halafu anaizima kabla haijamjibu.

Shemweta alisomea ukutubi, kazi ya maktaba. Kipaji chake ni kulifuata neno kinyumenyume mpaka kwenye mdomo lilikotoka. Ukimpelekea umbea hakuulizi kama ni kweli. Anakuuliza nani kakwambia, huyo naye kaambiwa na nani, na hao wawili wana undugu gani. Mtaani waliacha kumpa umbea. Unakuwa hauna utamu tena.

Ambakisye alisomea ualimu, na kipaji chake kinachekesha: anasoma mpaka mwisho. Basi, hicho tu. Gazeti lililofungiwa vitumbua, maandishi ya mgongoni mwa dawa ya mbu, yale masharti ya simu ambayo mimi na wewe tunabonyeza "I agree" bila hata kupepesa, yeye anayasoma yote. Wenzake walimwita Bwana Nukta. Hanyanyui macho mpaka aione ile ya mwisho.

Mama Tusajigwe hakuwazaa, ila aliwaita wasomi wangu, na walikula chungu kimoja. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikusemwa wakati wa kula. Hospitali ya pale mjini ilikuwa inasubiri kibali cha kuajiri ofisa wa utafiti na maktaba. Mtu mmoja. Wote watatu waliomba, kila mmoja kwa kujificha, na kila mmoja alijua kuwa wenzake wameomba. Mnajua ile namna ya kula ambapo unamtazama mwenzio mkono unavyokwenda kwenye tonge? Ndivyo walivyoishi.

Sasa sikilizeni hofu ilivyoingia.

Huko milimani kuna kiazi pori kinaitwa kindambwe. Huliwa wakati wa njaa, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Kina sumu, na kila mtoto wa huko anajua jinsi ya kuitoa: unakata vipande, unatia kapuni, unalifunga kapu mtoni, maji yanapita juu yake mpaka ule uchungu unaisha. Mwaka huo mto ulifurika ukawa unabeba migomba. Nani angeufuata na kapu lake? Watu wakaloweka kwenye ndoo. Lakini maji ya ndoo hayaendi popote. Sumu inatoka kwenye kiazi, inazungukazunguka mle ndani, inarudi nyumbani.

Siku moja wasomi walikuwa wametoka, kila mmoja na njia yake, wote kwenda kuuliza habari za kile kibali. Waliporudi mchana walimkuta Mama Tusajigwe sakafuni jikoni, mgongo ukutani, midomo imegeuka rangi ya majivu. Njaa ilikuwa imemzidi akatangulia kula kindambwe cha ndoo. Chakula chao kilikuwa pembeni, kimefunikwa kwa sahani.

"Msile," alisema. Neno lilitoka kama ndoo inayovutwa kisimani.

Walimlaza kwenye benchi la jikoni, wakamnyanyua, wakateremka naye kwenye matope. Njiani kila mmoja alikuwa anaiona ile sahani.

Hospitalini kulikuwa na daktari mmoja tu, kijana, Daktari Lwitiko. Mganga mkuu, Daktari Mdegela, alikuwa safarini mkoani, na katikati ya barabara mlima ulikuwa umeporomoka. Hapakuwa na gari la kuingia wala la kutoka. Kumpeleka mgonjwa hospitali ya mkoa ilikuwa ndoto. Wodini vitanda viwili vilikuwa vimesogezwa karibu na dirisha. Kwenye kimoja walimlaza Mama Tusajigwe. Kwenye kingine alilala mzee mmoja, Mzee Kajela, amefunikwa shuka kichwani. Shuka lilikuwa fupi, nyayo zimebaki nje.

"Huyu naye alikula kindambwe?" Kabula aliuliza.

"Asubuhi," alisema Lwitiko.

"Sumu ndiyo imemuua?"

Daktari alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano, anatazama dawa inavyopanda. "Nilimchoma dozi kubwa, mara moja, kama makala inavyosema. Akatulia. Nikafurahi. Halafu moyo ukasimama."

"Kwa hiyo ni sumu au ni sindano?"

"Nilimchelewea, dada," alisema Lwitiko. "Mama nimemuwahi."

Akamsogelea na sindano yenye dozi ileile.

Hapo wote watatu waliona kitu kimoja: kabla ya kuchoma, daktari aligeuka akatazama mezani. Mtu anayejua anachofanya hatazami pembeni hivyo. Anayetazama ni mtu aliyeagizwa.

"Nani kakwambia dozi kubwa?" Shemweta aliuliza. Hata kwenye msiba angeuliza hivyo.

Lwitiko akaonyesha kompyuta yake mezani. Palikuwa na makala mbili juu ya sumu ya kindambwe, na dunia nzima hazikuwepo nyingine. Ya kwanza ilisema toa dawa nyingi kwa mkupuo. Ya pili ilisema thubutu utoe kwa mkupuo, moyo utasimama. Tia dawa kwenye dripu, iingie kidogokidogo. Dawa ni moja, mgonjwa ni mmoja, na maneno yanapigana.

"Sasa kwa nini umeshika ya kwanza?" Shemweta aliuliza tena.

"Kwa sababu iko kwenye jarida la namba tisa," alisema Lwitiko. "Hili lingine halifiki hata moja. Sifuri nukta ngapi sijui. Prof wetu alikuwa anatuambia, kabla hujasoma makala angalia jarida, na kabla hujaangalia jarida angalia impact factor. You don't argue with a nine. Hilo ni Q1, kaka, tabaka la juu kabisa. Hili jingine sijui hata nani analisoma."

Msimcheke. Ndivyo alivyofundishwa, na waliomfundisha walipandishwa vyeo kwa namba hizohizo. Mkulima hawezi kukosea namna hiyo. Muuza nyanya hawezi. Hilo ni kosa la watu waliokaa darasani sana: mgonjwa yuko mbele yako, wewe unatibu kwa cheo cha gazeti.

Ni Kabula aliyesema kwanza.

"Tisa imetoka wapi?" Alikuwa ameshaivuta kompyuta upande wake.

"Ndiyo namba yake."

"Nimekuuliza imetoka wapi, sijakuuliza ni ya nani." Vidole vyake vilikuwa vinakimbia. "Daktari, hii namba ni mgawanyo tu. Wanachukua makala zilizotoka kwenye jarida miaka miwili iliyopita, wanahesabu mwaka huu zimenukuliwa mara ngapi na waandishi wengine, wanagawa. Ni wastani. Mtaani kwetu kuna nyumba kumi. Nyumba moja ina kuku tisini, tisa hazina hata unyoya. Wastani wake ni kuku tisa kwa kila nyumba. Haya, nenda kabishe hodi nyumba yoyote uombe supu."

Sindano ya Lwitiko ilisimama hewani.

"Tazama. Hapa kuna makala moja ya ugonjwa wa mapafu, kila mtu duniani ameinukuu. Hiyo ndiyo nyumba yenye kuku. Hii ya kindambwe imekaa jirani yake tu. Ina vifaranga wachache hapa, basi. Tisa si yake. Haijawahi kuwa na tisa. Umemchoma Mzee Kajela kwa sifa za ugonjwa mwingine."

Maneno hayo yalikuwa makali kupita kiasi, na Kabula alijua. Lwitiko aligeuka akaziona zile nyayo zilizobaki nje ya shuka. Akaiweka sindano kwenye trei, polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

Hivyo ndivyo Kabula alivyouzuia mkono. Asingekuwepo yeye, dawa ingekuwa imeshaingia mshipani.

Lakini sindano iliyolala kwenye trei haimponyi mtu. Mama Tusajigwe alianza kupumua kwa kukoroma, na Ambakisye, aliyekuwa amemshika miguu, alisema kwa sauti ndogo kwamba imekuwa ya baridi mpaka magotini.

"Nisipompa anakufa," alisema Lwitiko. "Mnaelewa? Mmenizuia, sawa. Sasa niambieni nifanye nini, maana nikisimama hivi pia ninamuua." Akamgeukia Kabula. "Niifuate hii nyingine? Namba yako inasemaje?"

"Namba haisemi," alisema Kabula, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Nimekwambia ile si ya kuaminiwa kwa cheo chake. Sijasema hii ni ya kuaminiwa. Sijui. I don't know, daktari."

Mnaijua hofu hiyo? Kubomoa ni rahisi. Kubaki umesimama kwenye kifusi, mtu anakufa mbele yako, hujui mlango uko wapi, hapo ndipo penye kazi.

Ni Shemweta aliyefuata.

"Tethering, Ambakisye, washa, nitumie mtandao wako. Bando langu limekata." Akachukua simu yake yenye kioo kilichopasuka akaanza kuwafuata waliozitaja zile makala, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefuata nyayo za mwizi kwenye umande.

"Hawa vifaranga wa Kabula," alisema. "Waliomnukuu huyu wa dozi kubwa ni nani? Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni yeye na mwenzake. Wa tatu ni mwenzake peke yake, kwenye jarida ambalo yeye ni mhariri. Wa nne yuko kwenye jarida jingine, mhariri ni mwenzake. Daktari, hii ni familia. Baba kasema, mama kaitikia, mtoto kapiga makofi. Nje ya nyumba hiyo hakuna mtu aliyesikia."

"Na hili dogo?" aliuliza Lwitiko.

Shemweta alikawia. Mvua iliongezeka juu ya bati, mtandao ukawa unakuja na kwenda, na kila ulipokwenda walimsikia Mama Tusajigwe akikoroma.

"Upesi, Shem," alisema Kabula.

"Unataka upesi au unataka kweli?" Macho hayakutoka kwenye simu. "Waliolitaja ni wachache. Lazima wawe wachache. Namba yako, daktari, inatazama miaka miwili nyuma, halafu inafunga duka. Kindambwe kinaliwa njaa ikija, na njaa haina miadi na wahesabu namba. Atakayeandika juu yake ataandika baada ya muongo, na hatahesabiwa. Lakini tazama ni akina nani. Mmoja ni mwongozo wa kutibu sumu wa nchi jirani, wanautumia mahospitalini. Mwingine ni bingwa wa moyo. Huyu bingwa amegombana na hawa waandishi wa jarida dogo kwenye makala zake tatu, anawaita wavivu, anawaita sijui nini. Ila hapa, kwenye hili la kindambwe, anasema: wako sahihi, moyo unasimama." Akanyanyua uso. "Rafiki yako akikusifu ni kawaida. Adui yako akikiri, daktari, mimi naenda na adui."

Lwitiko alikwisha kunyanyuka kuchukua dripu.

Hivyo ndivyo Shemweta alivyoonyesha njia. Asingekuwepo yeye, mkono ungebaki umesimama mpaka Mama akate roho.

Daktari akatundika chupa ya maji kwenye chuma. Akasoma kipimo kwenye makala ya jarida dogo, akaingiza dawa chupani kama ilivyoandikwa. Akatafuta mshipa, akaukosa, akautafuta tena. Kabula alikuwa ameshika kiwiko cha Mama Tusajigwe, amefumba macho. Mshipa ulipatikana.

"Subiri," alisema Ambakisye.

Hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa amekaa pale miguuni kwa mgonjwa muda wote, mkono mmoja unasugua nyayo zilizopoa, mwingine umeshika simu, anasoma. Walidhani anasali.

"Daktari, subiri. Usifungue."

"Bwana Nukta, not now," alisema Kabula.

"Makala nimeimaliza. Nimesoma na matoleo ya jarida yaliyofuata. Hapa, chini kabisa, chini ya tangazo la mkutano uliokwisha zamani, wameweka marekebisho." Akasoma kwa ile sauti yake ya darasani, neno kwa neno, na hilo ndilo lilikuwa la kutisha kuliko yote, kwamba hakuharakisha. "Waandishi wanaomba radhi. Katika makala yetu kuhusu kindambwe hatukueleza kwamba dawa ilizimuliwa kwanza, sehemu moja ya dawa kwa sehemu kumi za maji, ndipo ikapimwa na kutiwa kwenye dripu. Anayetoa kipimo tulichoandika bila kuizimua kwanza anatoa dozi ya kuua."

Kidole cha Lwitiko kilikuwa juu ya kigurudumu cha dripu. Alikuwa ameshaanza kukizungusha.

Daktari alikiondoa kidole, akautoa mpira mshipani, akaishusha ile chupa akaiweka sakafuni mbali, kwenye kona, kama vile ingeweza kumfuata. Akachukua nyingine. Akazimua. Akapima. Aliporudi kwenye kitanda jasho lilikuwa linamdondoka puani.

Hivyo ndivyo Ambakisye alivyoziba shimo. Asingekuwepo yeye, Mama Tusajigwe angekufa kwa dawa sahihi, iliyotoka kwenye makala sahihi, na wangemzika wakijisifu.

Dripu ilianza kudondoka. Hapo sasa hapakuwa na namba ya kupasua, wala neno la kufuata, wala ukurasa wa kumaliza. Walisimama. Mara mbili kukoroma kulikatika kabisa, na kila kulipokatika Lwitiko alimtazama Mzee Kajela, akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Mara mbili kulirudi.

Mvua ilipopungua, Mama Tusajigwe alifungua jicho moja.

"Miguu yangu iko wapi?" aliuliza.

"Ninayo mimi, mama," alisema Ambakisye, na ndiye aliyelia kwanza.

Mnafurahi? Ngojeni kwanza. Yule mama kupona ndiko kulikoleta balaa.

Barabara ilifunguliwa. Daktari Mdegela aliingia na matope mpaka kiunoni, akasikiliza habari yote amesimama, akamtazama Mzee Kajela kwa muda mrefu, akamwambia Lwitiko, "Hilo tutalizungumza mimi na wewe." Halafu akawageukia wale watatu, na akatabasamu.

"Kibali kimetoka," alisema. "Nilikuwa mkoani kwa ajili hiyo. Na nashukuru Mungu kwamba sihitaji kuita mtu kwenye usaili. Mtu wa kazi hii yuko humu ndani. Ni yupi?"

Ambakisye aliendelea kusugua nyayo za Mama.

"Ni yupi aliyemwokoa mama?"

"Sote," alisema Shemweta.

"Kibali ni kimoja. Kimeandikwa mtu mmoja." Mdegela alitazama saa. "Na jina linatakiwa mkoani leo kabla hawajafunga ofisi. Lisipofika, kibali kinarudi, na mnajua kikirudi huwa hakitoki tena. Haya, tufanye kisomi. Nani kati yenu ana publications?"

Hakuna.

"Nani ana GPA kubwa?"

Kabula alicheka kicheko kibaya. "Daktari Mdegela, with due respect, kuna mzee amelala pale kwa sababu ya namba. Unataka kutupanga kwa namba mbele ya miguu yake?"

"Basi nipe jina, binti. Nipe sababu."

Na hapo ndipo watu waliokuwa wameshikana mikono juu ya kitanda kimoja walipoanza kuachiana.

"Sababu ipo," alisema Kabula. Sauti yake ilishuka, na hakuwatazama wenzake. "Sindano ilikuwa njiani. Ningechelewa, wengine wangefuata nini? Wangesoma nini? Wangemsomea maiti?"

"Ulisema hujui," alisema Shemweta.

"Nilisema kweli."

"Ulisema hujui, Kabula. Umemzuia daktari halafu ukamwacha pale na mikono mitupu. Ukimzuia mtu asile sumu ukamnyima chakula, umemwokoa na nini? Mimi ndiye niliyesema shika hii."

"Ukamshikisha bomu," alisema Kabula. "Hii yako ndiyo ilikuwa inamuua mara ya pili. Njia uliijua, shimo hukuliona. Au adui yako hakulitaja?"

Shemweta aligeukia dirishani.

"Bwana Nukta naye aseme," alisema Kabula.

Ambakisye alisema taratibu, kama kawaida yake. "Mngemuua. Nyie wawili na daktari. Mlikuwa mmeshamaliza, mmeridhika. Mimi sikuridhika."

"Ulisoma tulichokupa," alisema Shemweta. "Usingeonyeshwa jarida hilo, ungekuwa bado uko ukurasa wa kwanza wa lile kubwa, unasoma anwani za wachapishaji."

"Labda," alisema Ambakisye. "Lakini nilionyeshwa, nikasoma. Wewe ulijionyesha mwenyewe na hukusoma."

Mmesikia? Hayo si maneno ya watu wabaya. Ni maneno ya watu waliokaa nyumbani na digrii mpaka karatasi ikageuka rangi. Kila mmoja wao alikuwa anaiona miaka inayokuja, bahasha za kaki, foleni, "tutakupigia", na wakwe wanaouliza kwa upole siku hizi unafanya nini. Mtu akiiona miaka hiyo inamjia, anamsukuma hata aliyebeba naye benchi.

Najua kuna mwenye busara hapa atakayesema apewe Daktari Lwitiko, ndiye aliyeshika sindano. Lwitiko ana kazi. Kaa chini. Na wewe unayetaka kusema wagawane mshahara, nenda ukaiambie serikali iandike majina matatu kwenye nafasi moja, ukirudi utueleze walivyokupokea.

Mdegela alichoka. Akasogea kwenye kitanda, akainama.

"Mama, uhai ni wako. Wewe ndiye unayejua una deni kwa nani. Nitajie jina nilipeleke."

Mama Tusajigwe alikuwa bado mnyonge, mate yanamkauka mdomoni. Aliwatazama mmoja mmoja. Kabula alikuwa anauma kucha. Shemweta alikuwa anatazama dirishani, mgongo umekakamaa. Ambakisye alikuwa bado ameshika nyayo zake na hakuziacha, na hata hilo, mtu mwenye hofu angeweza kuuliza, ni upendo au ni kampeni?

"Daktari," alisema Mama Tusajigwe, "mimi nikimtaja mmoja, huyo ataondoka kwangu. Wawili watabaki. Nitawapikia, watakula, watanitazama. Kila siku watanitazama. Nitalalaje mle ndani?"

"Usipotaja, wote watatu watabaki," alisema Mdegela.

Simu yake iliita. Ni mkoani. Akaipokea, akasema subiri kidogo, akaishusha kwenye midomo ya Mama Tusajigwe, na wodi nzima ikasikia sauti ya karani upande wa pili, sauti ya mtu ambaye ameshashika koti lake: "Haloo. Jina nani?"

Mama Tusajigwe amefungua mdomo.

Mimi naishia hapo, wala msiniulize alisema nini. Kuna aliyeuzuia mkono wa kifo, na hakujua pa kwenda. Kuna aliyejua pa kwenda, na hakuona shimo. Kuna aliyeona shimo, kwenye njia ambayo asingeifikia peke yake. Karani anasubiri, ofisi inafungwa.

Haya nyie mliokalia vyeti, na nyie wa matofali. Mdomo huo ungekuwa wako, ungemtaja nani, na hao wawili ungewatazamaje kesho asubuhi?